Ile ya Mbele ni Ipi? Mabishano ya Bel-Air kuhusu filamu tangulizi za Star Wars

Jumapili moja ya msimu wa mvua, katika lupango mmoja wa Bel-Air, komuni ya Kampemba, watu saba tulibishana karibu nusu saa kabla ya kugundua kwamba hatuzungumzii filamu moja. Fundi wa simu, ambaye ndiye aliyetuletea Star Wars yote ndani ya flashi, alikuwa amesema: «Ile ya mbele njo muzuri kupita zote.» Vijana wawili wa sekondari wakamuunga mkono: ndiyo, zile mbio za magari yanayoruka, lile pepo jekundu lenye panga la taa lenye ncha mbili! Fundi akashangaa. Mbio gani tena? Yeye alikuwa anasifu filamu ya 1977. Wao walikuwa wanasifu ya 1999, ambayo kwa mpangilio wa hadithi ndiyo sehemu ya kwanza.

Wote walikuwa na haki. Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi, «mbele» ni mahali, lakini pia ni wakati: mambo ya mbele ni yale yaliyotangulia. Basi filamu ya mbele ni ipi? Ile iliyotangulia kutolewa, au ile ambayo mambo yake yalitangulia kutokea? Swali hilo linaonekana dogo. Hata hivyo nimelibeba kutoka Bel-Air hadi Kasapa, na nadhani ndilo ufunguo wa ugomvi ambao mashabiki wa Star Wars wamekuwa nao duniani kote tangu 1999. Katika makala hii ninataka kueleza ugomvi huo unahusu nini, pande zake zinasema nini, na kwa nini watu wa lupango ule walifikia hukumu ambayo si ile inayosomwa sana katika maandishi ya Marekani.

Hadithi inayokuja nyuma ili kusimulia ya mbele

Kwa wasiozijua filamu hizi, nianze na mpangilio. George Lucas alitoa filamu ya kwanza mwaka 1977. Ilifuatwa na ya pili mwaka 1980, iliyoongozwa na Irvin Kershner, na ya tatu mwaka 1983, iliyoongozwa na Richard Marquand. Hizo tatu zinasimulia jinsi kundi dogo la waasi linavyoipinga Dola katili inayotawala nyota zote. Mtu wa kuogopwa kuliko wote katika Dola hiyo ni jitu la kofia nyeusi na pumzi nzito, ambalo sisi tuliokulia katika sauti za Kifaransa tunaliita Dark Vador. Katika filamu ya pili tunajua kwamba Vador ndiye baba wa shujaa kijana, Luke. Katika ya tatu baba anamwokoa mwanawe na kufa.

Baada ya miaka 16 ya kungoja, Lucas alirudi na filamu nyingine tatu: 1999, 2002 na 2005. Safari hii aliziongoza zote mwenyewe. Hazikuendeleza hadithi, zilirudi nyuma: Vador alipokuwa mtoto mtumwa aitwaye Anakin, alipokuwa mwanafunzi wa mashujaa wa Jedi, na alipoanguka. Wakati huohuo zinaonyesha jinsi Jamhuri ya zamani, yenye Seneti na kura, ilivyogeuka kuwa Dola.

Kazi ya namna hii, inayotolewa baadaye lakini inasimulia yaliyotangulia, nitaiita hapa hadithi tangulizi. Tatizo lake la kwanza linajulikana: msikilizaji anaujua mwisho. Tangu dakika ya kwanza ya filamu ya 1999 tunajua kwamba yule mtoto mpole atakuwa muuaji, kwamba mwalimu wake Obi-Wan atabaki hai, na kwamba yule mzee wa siasa anayetabasamu, Palpatine, atakuwa mfalme wa giza. Swali la «itakuwaje?» limekufa. Linabaki swali moja tu: «ilikuwaje?» Yaani, watu walifikaje pale? Nadhani ni kwa swali hilo tu ndipo hadithi tangulizi inaweza kupimwa kwa haki.

Mashtaka

Mwenzangu wa idara ya Kiingereza ndiye aliyetuletea mashtaka kwa mpangilio, maana yeye aliwahi kuzitazama filamu zote kwa lugha yake ya asili. Nayaweka hapa kama alivyoyahesabu kwa vidole.

Kwanza, mazungumzo ni makavu. Wahusika wanasema wazi kile wanachohisi, kama watu wanaosoma barua ya mtu mwingine. Mapenzi ya Anakin na Padmé katika filamu ya 2002 ndiyo mfano unaotajwa kila mahali: kijana anamtongoza msichana kwa kulalamikia mchanga. Waigizaji wazuri kama Natalie Portman na Samuel L. Jackson wanaonekana kama wamefungwa mikono.

Pili, kompyuta imekula kila kitu. Filamu ya 2002 ilikuwa miongoni mwa filamu kubwa za kwanza kupigwa yote kwa kamera za kidijitali, bila ukanda. Mara nyingi waigizaji walisimama mbele ya pazia la rangi moja na ulimwengu ukachorwa baadaye. Filamu za zamani zilikuwa na vumbi, kutu na vyombo vilivyochakaa. Hizi zinang'aa mno.

Tatu, Nguvu imepimwa kama malaria. Katika filamu za zamani, Nguvu ni kitu kinachounganisha viumbe vyote, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1999 tunaambiwa kwamba kuna viumbe vidogo sana ndani ya damu, na kwamba ukivihesabu unajua mtu ana Nguvu kiasi gani. Hapo Papa, mwenye lupango, alicheka kwa sauti: «Sasa banaenda kumupima mu laboratware?» Hakuna aliyelitetea jambo hilo, si siku ile wala baadaye.

Nne, siasa ni nyingi. Filamu ya 1999 inaanza na ugomvi wa ushuru wa njia za biashara. Watoto waliokwenda kuona vita vya nyota walikuta wabunge wakihutubia. Na tano, Jar Jar Binks: yule kiumbe wa masikio marefu, anayejikwaa, anayevunja vitu na kusema ovyo, aliyewekwa ili kuwachekesha watoto na akawachosha wakubwa.

Hayo ndiyo mashtaka, na si ya uongo. Filamu zilipata fedha nyingi sana: ile ya 1999 pekee iliingiza zaidi ya dola milioni 900 katika maonyesho yake ya kwanza. Lakini mashabiki wa zamani, waliokuwa watoto mwaka 1977, walijisikia kama waliorudi nyumbani na kukuta nyumba imepakwa rangi nyingine. Wale waliokuwa watoto mwaka 1999 hawakujua rangi ya zamani, na walipokua walianza kujibu. Kwa hiyo ugomvi huu kwa sehemu kubwa ni ugomvi wa rika. Hata katika lupango ule, vijana wa sekondari waliona filamu ya 1999 kabla ya ile ya 1977, na kwao ya zamani ndiyo yenye kasoro: inakwenda polepole, na mapigano ya panga za taa yanafanana na wazee wanaosukumana kwa fimbo.

Ushuru na mpaka

Nilitegemea kwamba shtaka la nne, lile la siasa, litapita bila upinzani. Ndilo ambalo wachambuzi wengi wa nje walilirudia. Lakini lilipotajwa, mwalimu wa historia, jirani wa Papa ambaye mpaka hapo alikuwa ananyamaza na sahani yake ya michopo, aliinua mkono kama yuko darasani.

«Dada,» alimwambia mwenzangu, «ushuru wa njia za biashara ni jambo la kuchosha kwa mtu ambaye hajawahi kungoja lori.»

Alikumbusha Agosti 2024. Nchi yetu ilikuwa imezuia bia na vinywaji baridi kutoka Zambia, wafanyabiashara wa mpakani wakaandamana, na Zambia ikafunga kwa siku chache vituo vya mpaka, pamoja na Kasumbalesa, ambako shaba na kobalti ya Katanga hupita kwa malori. Kila mama anayenunua unga wa bukari Lubumbashi alielewa mara moja maana ya neno mpaka. Sasa katika filamu ya 1999, Shirikisho la Biashara linaizingira sayari ndogo ya Naboo kwa meli zake, kwa sababu ya ushuru, na hakuna chombo cha chakula kinachoingia. Wajumbe wanatumwa, wanasheria wanasema mambo ni halali, Seneti inaomba tume ya uchunguzi. Watu wa Naboo wanateseka tume ikiwa bado haijaundwa.

«Hiyo si siasa nyingi,» alisema mwalimu. «Hiyo ni Jumanne.»

Tulicheka, lakini baada ya hapo mabishano hayakurudi pale yalipokuwa. Aliendelea kutuonyesha hatua kwa hatua jinsi hadithi hii inavyopanda. Mwaka 1999, malkia kijana Amidala, mtu mwema kabisa, anaiomba Seneti imwondoe Kansela dhaifu. Anafanya hivyo kwa ushauri wa Palpatine, na nafasi inayobaki wazi inakwenda kwa Palpatine huyohuyo. Mwaka 2002, sehemu ya Jamhuri inataka kujitenga, hofu inapanda, na Seneti inampa Kansela mamlaka ya dharura pamoja na jeshi. Anaahidi kwamba atayarudisha mamlaka hayo mgogoro ukiisha. Mwaka 2005 mgogoro unaisha, yeye anatangaza Dola, na Seneti inashangilia. Hakuna aliyevunja mlango. Kila hatua ilipigiwa kura.

Hapo hatukuhitaji mwalimu atutafsirie. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alichukua madaraka na kusema kwamba anahitaji miaka 5 ili kuitengeneza nchi. Aliondoka Mei 1997. Na kizazi chetu kina mifano yake midogo. Mei 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa siku 30, kisha muda huo ukaongezwa kwa siku 15, na tena 15, na tena, kwa kura za bunge. Sisemi kwamba mambo haya ni sawa na yale ya filamu. Vita vya mashariki ni vya kweli, na watu wanakufa kweli. Ninasema tu kwamba mtazamaji wa Kongo, akisikia neno «kwa muda», masikio yake yanasimama. Kile ambacho kwa mtazamaji mwingine ni maelezo marefu kati ya mapigano mawili, kwetu ndicho kiini cha filamu.

Sauti ya Jar Jar

Nimesema kwamba katika filamu ya 2002 Seneti inampa Kansela mamlaka ya dharura. Sijasema ni nani aliyetoa hoja. Ni Jar Jar Binks. Yule mchekeshaji wa 1999 amekuwa mjumbe, amevaa kanzu, Padmé hayupo, na watu wakubwa wamemweleza kwa ujanja kwamba Jamhuri inahitaji mtu jasiri wa kusimama na kupendekeza. Anasimama. Anapendekeza. Anashangiliwa. Nia yake ni safi.

Kuhusu Jar Jar, sisi wa kitivo cha lugha tuna la kusema. Nchini Marekani hasira dhidi yake haikuhusu kujikwaa tu. Wachambuzi kadhaa walisikia katika usemi wake mzaha dhidi ya watu weusi wa visiwa vya Karibi. Waliotengeneza filamu walikanusha. Mwigizaji wake, Ahmed Best, ambaye ni Mmarekani mweusi, alishambuliwa vibaya mno. Mwaka 2018 aliandika hadharani kwamba wakati ule alifikiria kujiua. Mashabiki wanaposema «ni filamu tu», wakumbuke hilo pia.

Lakini katika lupango wa Bel-Air, watu watano kati ya saba hawakuwahi kuisikia sauti ile. Wameisikia sauti ya Kifaransa. Filamu inapowekewa sauti za lugha nyingine, maneno huhama, ila lafudhi haihami. Mtafsiri hana budi kubuni ubaya mwingine wa kusema. Kwa hiyo tulikuwa tunabishana juu ya wahusika wawili tofauti wenye masikio yaleyale. Mwenzangu wa Kiingereza alikuwa anashtaki mzaha wa rangi. Wengine walikuwa wanashtaki mtu anayesema vibaya.

Na hapo niliona aibu kidogo. Maana mimi pia nilicheka mara ya kwanza, na nilicheka kwa sababu anasema vibaya. Sisi tunaoandika katika jarida hili tunajua jinsi Kiswahili cha Lubumbashi kinavyohukumiwa na wenye Kiswahili cha vitabuni: eti kimevunjika, eti si lugha. Tunakasirika, na tuna haki. Kisha tunapanda basi na kumcheka mama aliyefika mjini juzi kutoka kijijini kwa namna anavyotamka. Kumtambua mjinga kwa lugha yake ni desturi ya zamani sana ya michezo ya kuigiza, na inafanya kazi kwa sababu watazamaji huikubali bila kuombwa. Filamu ya 1999 iliitumia desturi hiyo kwa uvivu. Hapo naungana na washtaki.

Hata hivyo, ile hoja katika Seneti inabadilisha kitu. Papa ndiye aliyekiona. Mwaka 1974 alikuwa mtoto wa shule ya msingi hapahapa mjini, na kama watoto wengi wa Zaire alipangwa mstari kucheza na kuimba sifa za Rais. Alitazama tukio la Jar Jar, akaomba fundi alirudishe, akalitazama tena. Halafu akasema: «Siye pia tulipigaka mikono. Hakuna mutu alitupiga fimbo ile siku. Tulikuwa na furaha.»

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha kijana mmoja wa sekondari akauliza: «Papa, mulijua?» Papa akajibu kwamba walikuwa watoto, lakini waliowapanga mstari hawakuwa watoto, na wao pia walikuwa wanacheka.

Tangu siku ile siwezi tena kusema kwamba Jar Jar ni kosa tupu. Kama mchekeshaji ameshindwa. Kama jibu la swali la «ilikuwaje?», hakuna jibu kali zaidi katika filamu zote tatu: mlango ulifunguliwa na mtu mwema aliyetaka kusaidia, tena yule ambaye kila mtu alimdharau.

Jina lililofika kabla ya maana yake

Niongeze jambo la tafsiri, maana linaonyesha ugumu wa kurudi nyuma. Mwaka 1977, kwa Kiingereza, jina la jitu lile ni Darth Vader. Katika filamu ile Obi-Wan anamwita «Darth» kama mtu anavyomwita rafiki kwa jina lake la kwanza. Mtafsiri wa Kifaransa aligeuza jina lote likawa Dark Vador, labda kwa masikio tu. Hakuna aliyemwambia kwamba neno lile litahitajika tena. Miaka 22 baadaye, filamu tangulizi ikatangaza kwamba Darth ni cheo cha kila bwana wa giza. Wafaransa wakalazimika kuendelea na kosa lao: Dark Maul, Dark Sidious. Roboti wawili maarufu walikuwa na bahati nyingine: katika sauti za Kifaransa za 1977 waliitwa Z-6PO na D2-R2, lakini katika filamu za 1999 na kuendelea wakarudishiwa majina yao ya Kiingereza. Matokeo yake, mtazamaji wa Kifaransa anayefuata mpangilio wa hadithi anawaona roboti walewale wakibadilisha majina katikati ya maisha yao, bila sababu.

Hiyo ndiyo hali ya kila hadithi tangulizi. Inajidai kuwa msingi, kumbe imejengwa juu ya paa. Kila kitu kilichosemwa kwanza, hata kwa bahati mbaya, kinaibana.

Tunaoujua mwisho

Je, kuujua mwisho ni kasoro? Mwenzangu alisema ndiyo: bila wasiwasi hakuna hadithi. Mwalimu wa historia alimjibu kwa mfano wa Waluba. Kila anayesikiliza masimulizi ya Nkongolo na Kalala Ilunga anajua kwamba Nkongolo, mfalme mkatili, atashindwa, na kwamba Kalala, mwana wa dada yake na wa mwindaji Mbidi Kiluwe, ataanzisha ufalme mpya. Bado watu husogea karibu msimuliaji anapofika kwenye ngoma: Nkongolo amechimba shimo na kulifunika kwa mkeka, Kalala anacheza akilikaribia, na mpiga ngoma anamwonya kwa mlio wa ngoma. Hawangoji kujua kama atapona. Wanangoja kusikia ngoma ilisemaje.

Nami niliongeza mfano wa karibu zaidi na uchungu zaidi. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mji huu, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Raoul Peck alipotengeneza filamu yake Lumumba, iliyotoka mwaka 2000, alianza na maiti zao zikiangamizwa. Mwisho umewekwa mwanzoni, na mtazamaji hawezi kujidanganya. Kinachobaki ni kutazama kila kupeana mikono, kila hotuba, kila rafiki, na kujiuliza: ni hapa? Ilikuwa ni hapa?

Basi nikizipima filamu za Lucas kwa kipimo hicho, hukumu yangu ni hii: zinaeleza vizuri jinsi Jamhuri inavyoanguka, na zinaeleza vibaya jinsi mtu anavyoanguka. Anguko la Seneti lina ngazi, na kila ngazi tunaiona. Anguko la Anakin lina ngazi mbili tatu nzuri: mama aliyeachwa utumwani, hofu ya kumpoteza mke, ahadi ya Palpatine kwamba kuna elimu ya kuzuia kifo. Lakini pale penyewe panapohitaji subira, filamu ya 2005 inakimbia. Kwa dakika chache kijana anatoka kwenye majuto hadi kuua watoto hekaluni. Ni kama msimuliaji wetu angefika kwenye shimo na mkeka, kisha akasahau ngoma.

Mwenzangu alinibana: kama Anakin ndiye kiini cha hadithi, na Anakin hakuelezwa, basi kazi imeshindwa, hata kama Seneti ni nzuri. Ni hoja nzito na sijaipatia jibu kamili. Nasema tu kwamba kazi inaweza kushindwa pale ilipokusudia na kufaulu pale ambapo wengi hawakutazama, na kwamba mahali mtu anapotazama hutegemea kwa sehemu mahali alipoketi. Aliyeketi Bel-Air hakuona uchovu katika hotuba za Seneti.

Umeme ulikatika kabla ya mwisho wa filamu ya tatu, na hakuna aliyelalamika sana, kwa kuwa wote tuliujua mwisho. Tulibaki gizani tukiendelea kubishana kuhusu mpangilio: je, mtu mpya aanze na 1977 au 1999? Fundi alishika msimamo wake wa 1977, ili siri ya baba ibaki siri. Vijana walishika 1999. Mwenzangu alieleza njia ya tatu ya mashabiki wengine: kutazama mbili za zamani, kisha kurudi nyuma kwa zile za 2002 na 2005, ndipo kumaliza na ya 1983, katika njia hiyo filamu ya 1999 inatupwa kabisa.

Papa alikataa. Alisema watoto wake waanze na ya 1999, ile yenye ushuru na malkia mwema na mjinga wa masikio marefu. «Mbele bajue namna ilianzaka,» alisema. «Dark Vador bataona tu. Ule hajifichake.»